Wasiwasi Nilijipa Moja

Kibomet, Jumatano

Na unyenyekevu nikajipa tano juu ya tano. Shemeji Nekesa, anayesomea ualimu, aliyeniletea leo karatasi ya kupima tabia za mtu, akaona alama hiyo akacheka. "Shemeji, hata unyenyekevu?"

"Hapa Kitale nani ananishinda?"

Wasiwasi nilijipa moja. Halafu Nekesa akamwomba mke wangu anipime pia. Kwa wasiwasi akanipa tano. "Huyu akienda soko Kamukuywa anapiga simu mara nne, ati mtoto amecheza tumboni?"

Mtoto wetu wa kwanza aliacha kucheza tumboni nikiwa safarini.

Nekesa anasema tabia nyingine mtoto huzaliwa nazo, ametoa kwa baba. Sasa namwona huyu wetu akitembea barabarani, anasalimia mji mzima kwa mdomo wangu. Wasiwasi aniachie mimi, bora afike.