Msimlilie Chacha, Ameitika

Mama yangu,

Shikamoo. Robhi mdogo wangu, wewe unayemsomea Mama, simama hapo kwanza. Kimbia kwa jirani umwambie Mama Chacha aache kulia. Chacha yuko hai. Nimemuona kwa macho yangu, na uji amekunywa. Haya, rudi sasa usome.

Mama, goti lako linaendeleaje? Na yule ng'ombe mwekundu ameshazaa? Mimi mzima, ni mkono tu ulichubuka. Najua redioni mmesikia ardhi ilivyotikisika huku ughaibuni. Simu yangu imebaki chini ya vifusi na namba zenu sikuzishika kichwani, ndiyo maana naandika. Barua anakuja nayo Otieno, Mkenya mpishi wetu. Kwao ni ng'ambo tu ya mpaka wa Sirari, atavuka aifikishe Turwa kwa mjomba, naye atawaletea.

Bweni letu la vibarua lilianguka asubuhi. Mimi niko nje nachota maji, Chacha yuko ndani amelala, katoka zamu. Ghorofa nne zikalaliana kama magunia.

Siku ya tatu wakaja waokoaji wa nchi za mbali. Mama, ungewaona! Wana mbwa anatembea juu ya vifusi ananusa, akipata harufu ya mtu aliye hai anabweka. Kuna mama mmoja anakaa pembeni na hedifoni masikioni, waya zake zimebandikwa kwenye zege, anasikiliza chini. Mkubwa wao akiinua ngumi, jenereta zinazimwa, hata kukohoa hapana. Wanaita, wanagonga, wanangoja.

Kwenye jengo letu mbwa hakubweka. Wakaita kwa lugha zao, kimya. Mkubwa akachora alama ya rangi ukutani. Otieno akaniambia, "Wanasema hapa hakuna mtu hai. Wanahamia jengo lingine, hapa inakuja tingatinga."

Mama, unanijua. Nilitaka kusema jaribuni tena, mdomo ukagoma. Lakini Chacha namjua usingizi wake. Machungani kilikuwa kinamwamsha kitu kimoja tu. Nikatia vidole viwili mdomoni, nikapiga ule mluzi wetu wa kurudisha ng'ombe, mara tatu.

Lo! Watu wote wakakimbia! Wakaruka kutoka kwenye vifusi, na mbwa wao. Kumbe kwao ukipuliza filimbi mara tatu ni kwamba jengo linaanguka, okoa roho yako. Mkubwa akanijia, uso umekuwa mwekundu.

"Wewe Mkurya!" Otieno anafoka. "Hapa ni machungani? Utatuulia watu!"

Nikaangalia chini. Nilipoinua macho, yule mama wa hedifoni yeye hakuwa amekimbia. Alikuwa ameinua mkono. Halafu akaonyesha vidole viwili.

Viwili, Mama! Amesikia kunagongwa mara mbili! Ndivyo tulivyokuwa tunajibizana kule machungani Nyambureti. Mmoja anapiga mluzi tatu, mwenzake anagonga fimbo kwenye jiwe mara mbili, yaani ng'ombe nimewaona, wako kwangu. Nikapiga tena. Akaonyesha tena viwili. Hapo nikaongea, mimi! "Ni Chacha! Ni Chacha huyo!" Mpaka Otieno akanishika nisiingie chini na mikono mitupu.

Wakachimba mpaka jua likageuka. Alipotolewa, vumbi tupu, mguu umevunjika, akanitazama akauliza, "Ng'ombe wameingia shambani kwa nani?"

Otieno alipomtafsiria mkubwa, yule mzee alicheka huku anafuta machozi. Amenipa filimbi yake. Ila amesema nisiipulize.

Nisalimie Baba, bibi aliyenilea, na katekista mwenye shamba la pale njiani.

Najua Mama Chacha atasema nambembeleza tu. Chacha mikono imefungwa bandeji, kuandika hawezi, lakini ili mama yake aamini amenituma neno. Siku ile ya utotoni ng'ombe walipomaliza mahindi ya katekista, nikachapwa mimi, aliyelala alikuwa yeye. Hilo nilikuwa nalijua, nikanyamaza. Nilichokuwa sijui ni kwamba jioni ile ile alimwambia mama yake, na mama yake akamwambia, "Funga mdomo, Mwita hatasema."

Mumuulize kama siyo kweli. Nani mwingine angeniambia, kama si Chacha mwenyewe?

Mwambie yaliisha. Ila jogoo akinichinjia, sikatai.

Mimi mwanao asiyesema,
Mwita