Punje za Katikati

Kitale,
3 Februari 2025

Kwa dada yangu mpendwa Nekesa,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu na kwa shemeji yako Kemboi. Sisi hapa ni wazima, ila mimi kifua kinanisumbua kidogo kwa hili vumbi la kiangazi. Nyinyi huko Sirisia mnaendeleaje? Goti lako limepoa? Barua hii anakuletea Tabby, yule wa vitunguu, maana tulikubaliana simu tuiache. Kila tukipigiana tunagombana hata kabla ya kuulizana hali.

Dada, nimeitwa kuongea! Si kwa kikundi chetu cha akina mama, hapana, ni siku ya wakulima ya chama cha ushirika, tarehe 15 Machi, watu kama mia tatu. Wamenipa dakika ishirini na mada yao ni "Mwanamke na Shamba". Ati kwa sababu mahindi yangu ya mwaka jana yalifanya vizuri. Kemboi amefurahi mpaka amenunua shati jipya.

Nimeandika karatasi, nina pointi kumi na moja: mbolea, viwavi, maji ya mvua, ng'ombe, hati ya shamba, magunia, soko, karo ya watoto, kikundi, vibarua, na maombi. Zote ni za kweli. Lakini nikizisoma kwa sauti najisikia kama mtu anatangaza bidhaa sokoni. Wewe ndiye ulikuwa ukiongea paredi ya shule mpaka walimu wananyamaza. Nisaidie. Niseme nini?

Mdogo wako,
Emmy


Sirisia, Bungoma,
10 Februari 2025

Kwako Emmy,

Salamu. Goti liko vile vile. Mvua bado. Ng'ombe mweupe amezaa, ndama dume kama kawaida yangu. Kunywa maji moto na ndimu, kifua kitaachilia.

Nimesoma barua yako mara mbili. Hongera. Watu mia tatu, bana! Na shati jipya juu yake. Mimi pia niliongea jana Jumapili, mbele ya watoto kumi na wanne wa Sunday school na kuku mmoja wa mchungaji. Hakuna mtu alinunua shati.

Umeuliza useme nini. Si useme zote? Watu watoke mbali halafu warudi nyumbani na kitu kimoja? Tena kumi na moja ni chache. Ongeza mbili zangu, nyuki na choo cha shimo. Anza kwa kusalimia kila kiongozi kwa jina, usiruke hata mmoja, halafu uongee haraka haraka ndiyo zote zitoshee. Na utafute maneno makubwa, watu wa Kitale wanayapenda.

Nimekumbuka Mwalimu Wakhungu aliniambia nikiwa kidato cha pili, wiki ile niliyoacha shule, "Nekesa, wewe siku moja utasimama mbele ya umati." Labda alichanganya majina.

Dada yako,
Nekesa


Kitale,
17 Februari 2025

Dada Nekesa mpendwa,

Salamu tele. Kifua ni afadhali, ile ndimu imesaidia. Hongera kwa ndama, hata dume ana kazi yake.

Asante kwa mawaidha. Sasa ziko kumi na tano, kwa sababu Kemboi naye aliongeza mbili. Jana nilifanya mazoezi hapa jikoni, wasikilizaji wawili, yeye na mama mkwe Chepkorir. Nilipofika ya saba mama mkwe alikuwa ameanza kuchambua maharagwe. Nilipofika ya kumi Kemboi amelala, na shati lake jipya mwilini. Nikamwamsha nikamwuliza, haya, nimesema nini? Akafikiria sana. Akasema, "Choo."

Dada, kuna mahali ninakosea. Watoto wako hukumbuka. Krismasi nilipokuja, yule Judy wa jirani alinisimulia somo ulilofundisha mwezi mzima nyuma, kwa sentensi moja, huku anaruka kamba. Unafanyaje?

Kwa vile nimekwama, nimefikiria nianze na ile hadithi ya Mama na mbegu. Vile nilikuwa nikikaa naye jikoni akipukuchua mahindi, na punje ngapi anatupa. Watu watapenda, ama?

Mdogo wako anayekutegemea,
Emmy


Sirisia, Bungoma,
24 Februari 2025

Emmy,

Salamu leo sina.

Ati vile ulikuwa ukikaa na Mama jikoni. Wewe? Lini? Wewe ulikuwa bweni, unakula githeri ya shule na kuandika barua za kuomba sabuni. Hujawahi kushika hindi hata moja la mbegu katika jiko lile. Mwongo mkubwa! Umechukua shule, umechukua Kitale, umechukua watu mia tatu, na sasa hata Mama unataka kumchukua.

Ngoja nikwambie ilivyokuwa, ili ukidanganya udanganye vizuri. Mahindi ya mbegu yalining'inia juu ya moto, maganda yamefungwa mawili mawili, meusi kwa moshi hata wadudu dumuzi hawakuyataka. Mwezi kama huu tunayashusha. Mama anakaa kwa kigoda, anashika hindi, anatoa punje za kichwani, zile ndogo za mviringo, anawarushia kuku. Anageuza, anatoa za mkiani, zile zilizobanana vibaya, kuku. Anabakiza za katikati tu. Hata hizo anazipitia tena na vidole, na hindi zima linakuja kubaki kiganja kimoja. Siku moja nikamwuliza, Mama, unajuaje iliyo nzuri? Akasema iliyo nzuri hata yeye haijui, anajua tu ya kukataa. Ule mwaka wa njaa mkebe wa mbegu ulikuwa umejaa na sufuria haina kitu. Nikamwomba tupike kidogo. Akakataa. Baba mdogo akaja kuomba, akamkatalia, mzee akaondoka akitutukana mpaka barabarani. Wiki tatu tulikunywa uji ambao ungeweza kunawa nao. Mvua ilipofika, kijiji kizima sisi ndio tulikuwa na kitu cha kupanda. Hiyo ndiyo kazi ya mwanamke shambani. Si viwavi na si choo. Ni kukataa, na kujua ni kwa nini umekataa.

Na nikwambie lingine. Nilikuambia useme pointi zote ili uharibu. Nilitaka usimame pale mbele watu wapige miayo, halafu Tabby aniletee habari. Ni wivu, ndiyo. Ninao tangu asubuhi ile ulibeba sanduku la shule na mimi nikabeba beseni la kumwogeshea Mama. Tulikuwa wawili, na alipougua akasema mmoja abaki. Yeye si alijua ya kukataa? Akanikataa mimi. Mimi ndiye punje ya mkiani, Emmy. Mimi nilirushwa kwa kuku.

Hadithi hiyo usiiguse.

Nekesa


Sirisia, Bungoma,
10 Machi 2025

Emmy,

Habari za huko? Sisi tuko. Mvua imenyesha mara moja, haijashika.

Wiki mbili kimya. Nilidhani barua imepotea, lakini Tabby ameapa alikupa mkononi na akakuona ukiisoma ukiwa umesimama. Kwa hiyo umesoma.

Sijui kuomba msamaha vizuri, unanijua. Lakini Jumamosi ndiyo siku yako na sitaki uaibike kwa mkono wangu. Uliniuliza nafanyaje na watoto. Wakitoka, nasimama getini nawauliza mmoja mmoja, "Mwalimu amesema nini leo?" Mtoto akinipa jibu moja, na mwenzake anipe hilo hilo, najua nimefundisha. Wakinipa matano, wao hawana kosa, ni mimi. Basi kabla hujapanda jukwaani, fikiria huyo mtu wa getini atajibu nini. Zingine zote tupa. Choo tupa kwanza.

Bado nina wivu, lakini ongea vizuri.

Dada yako,
Nekesa


Kitale,
17 Machi 2025

Kwa dada yangu Nekesa,

Natumai barua hii inakukuta mzima, na goti pia. Sisi tuko salama na mvua huku imeshika.

Sikukujibu kwa sababu nilikasirika. Wiki nzima. Halafu nikaanza kutembea na barua yako mfukoni, nikikamua nasoma, nikipika nasoma, mpaka karatasi ikaingia maziwa. Ni kweli nilidanganya. Nilikuwa nimejiambia sana hadithi hiyo mpaka nikajiweka ndani.

Jumamosi aliyenitangulia alikuwa bwana mmoja wa dakika arobaini na mambo tisa. Watu walishaanza kugeukia upande chakula kinapopikwa. Nikapanda nikasema, "Mimi naitwa Emmy. Nina dada Bungoma anaitwa Nekesa. Yeye ndiye alikaa na mama yetu, mimi nilikuwa shuleni." Halafu nikatoa barua yako nikawasomea.

Weka hiyo sufuria chini, usinirushie! Sikusoma yote. Nilitoa kichwa, pale umeniita mwongo. Nilitoa mkia. Nikasoma ya katikati tu, kutoka pale mahindi yananing'inia mpaka pale pa kukataa. Dakika nne, nikakaa chini. Nikadhani nimeharibu. Halafu mama mmoja akaanza kupiga makofi, na wengine wote wakasimama.

Nikaenda getini kama unavyofanya wewe. Wa kwanza kutoka alikuwa mama anaitwa Chesang, wa upande wa mlimani. Nikamwuliza, "Mama, leo wamesema nini?" Akasema, "Yule wa Bungoma amesema tujifunze kukataa." Wa pili, hivyo hivyo. Wa tatu, hivyo hivyo. Yule wa Bungoma, yule wa Bungoma! Hakuna hata mmoja alisema Emmy, na mimi nimesimama hapo mbele yao na nguo ya kushonesha. Kitu kikanichoma hapa kifuani, na si vumbi. Nimekujua sasa, dada. Ni kitu kibaya bana.

Na huo mkia ambao sikusoma. Umeshika mahindi yale miaka yote, si ukumbuke zile za katikati zilipelekwa wapi? Hazikupelekwa popote. Zilibaki kwa nyumba, na Mama. Aliyetolewa nje ni mimi. Mama alipofariki nilikuwa kwa chumba cha mtihani, na walimu wakanificha habari siku mbili ati nimalize. Wewe ulimshika mkono. Kwa hiyo mambo ya wivu, usidhani ni yako peke yako.

Mdogo wako,
Emmy


Sirisia, Bungoma,
9 Juni 2025

Kwa mdogo wangu mpendwa Emmy,

Salamu nyingi sana kwako, kwa Kemboi na kwa mama mkwe. Sisi ni wazima. Mahindi yamefika mabegani, goti nalo limeamua kunihurumia.

Najua nimekaa kimya. Mara ya kwanza nilitaka kuja huko Kitale nikuchape, kusomea watu mia tatu barua yangu! Halafu nikarudi kwa ule mkia wa barua yako. Nililia, nikaacha, nikalia tena kesho yake nikipalilia. Hizo siku mbili za mtihani hujawahi kuniambia. Miaka yote nilidhani ulichelewa kufika msibani kwa sababu ulikuwa na raha zako. Nisamehe. Haya, nimesema.

Sasa sikiliza. Wale watu wako wa ushirika wamempigia mchungaji simu. Wananitaka mimi! Agosti, siku ya maonyesho, watu mia sita. Mia sita, Emmy! Nimeshanunua kitambaa cha kijani. Nimechukua karatasi nikaandika, na nina pointi kumi na nne. Zote ni nzuri. Nimejaribu kutoa hata moja, mkono umekataa. Nisaidie. Niseme nini?

Dada yako anayekupenda,
Nekesa


Kitale,
16 Juni 2025

Kwa dada yangu Nekesa,

Salamu. Kifua kilipona. Kemboi anakusalimu, ila safari hii shati hajanunua.

Nimesoma barua yako mara mbili. Mia sita. Hongera. Sema zote kumi na nne, na uongeze zile mbili zako, nyuki na choo.

Nimeandika hayo nikaona aibu, lakini sifuti. Ujue na mimi ni mtu.

Jumamosi ninakuja. Kama kuna hindi moja limebaki juu ya moto, usilishushe mpaka nifike, unionyeshe Mama alilishikaje. Halafu tukae na hiyo karatasi yako mpaka ibaki moja. Hizo zingine kumi na tatu nirushie mimi. Safari hii mimi ndiye kuku.

Mdogo wako,
Emmy