Medali Nilizozisugua kwa Jivu

Shieywe, Kakamega

Kwako binti yangu Muhonja,

Pokea salamu nyingi za mamako. Natumai umeamka salama huko Lugari, na kifua cha nyanyako kimepoa tangu mvua ipungue. Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio umekataa kutulia.

Yule Mwalimu mstaafu ninayempikia, aliyekubali uje ukae hapa ujifunze ushonaji, anakusanya medali za zamani za marais. Si pesa, ni vipande vya shaba vilivyotengenezwa kwa ukumbusho. Alikuwa akifundisha uchoraji, basi akimaliza chai ananiita: "Mama Muhonja, njoo uone. Fundi alichonga hata kope za Rais! Na nyuma, jogoo, kila unyoya peke yake." Hiyo moja aliipenda kuliko zote. Za aina hiyo zilitengenezwa chache tu, kisha chapa ya kuzipigia ikavunjika.

Sasa kukawa na mgeni anakuja kutoka Nairobi, mkusanyaji mwenzake. Nikazitazama zile medali, mwanangu, nyeusi kama sufuria ya kuni. Unajua kwetu mgeni akikuta masizi, anayesemwa ni mwanamke wa jikoni. Mwalimu alipoenda sokoni nikachukua jivu, ndimu na waya, nikasugua vile tunasuguanga sufuria za harusi. Zikang'aa hadi nikaimba.

Aliporudi nikamwambia, "Mwalimu, tazama, zimekuwa mpya!"

Akapitisha kidole kwenye ile moja. Akaketi. "Kope zimekwenda," akasema. "Ule weusi ndio ulikuwa umri wake, mama."

Hakunikemea. Afadhali angenikemea. Obusuma niliyompikia, ugali moto, ilipoa mezani.

Mgeni alipofika akaigeuza ile medali ya jogoo, akauliza, "Mjinga gani amesugua hii?" Nilikuwa mlangoni na chai. Mwalimu akajibu, "Ni mimi."

Yule akacheka. "Wewe? Uliyetufundisha sisi wote namna ya kuzishika? Mzee, akili imeanza kuhama!" Akaondoka akisema lazima wenzao wasikie.

Nikimwomba Mwalimu msamaha ananiambia, "Yameisha, lete chai." Hayajaisha, Muhonja. Hao wenzake ndio watu pekee wanaomwandikia barua.

Mgeni aliacha anwani, nimeinakili nyuma ya karatasi hii. Mkono wako ni mzuri kuliko wangu. Mwandikie kwamba ni mimi, mpishi, niliyesugua, na Mwalimu hakuwepo. Usinitetee. Mwalimu akijua nimefichua uongo wake huenda akaniambia nifunge virago, na nafasi yako ya ushonaji iende pia. Nimelifikiria hilo siku tatu, na ninakuonea huruma. Hata hivyo andika.

Nisalimie nyanyako, umwambie asikae kwenye baridi. Msalimie mjomba wako fundi wa baiskeli, na jirani yetu Mama Kageha anayewakamulia ng'ombe, Mungu amzidishie. Wadogo zako uwakumbatie kwa niaba yangu.

Ni mimi mamako, ninayekuwaza kila saa,
Mama Muhonja

Hiyo barua utakayomwandikia mgeni uisome kwa sauti kabla ya kuifunga. Na chini usitie jina lako. Tia langu, lote, lisomeke.