Jozi Saba Kwenye Boksi la Viatu

Jumamosi, saa kumi jioni

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo mama. Kabla sijakuuliza hali, acha niliseme, maana nikianza na salamu nitazunguka mpaka karatasi iishe: nimemkosea mtu. Nimemkosea mwanamke ambaye hata jina lake silijui, na nimemkosea kwa jambo ulilonifundisha wewe mwenyewe nikiwa mdogo. Mke wangu nimeshamwambia. Wa pili ni wewe.

Haya, hali yako? Magoti yanaendeleaje? Na usinijibu kwamba hujambo tu, nakujua. Mwambie baba aniandikie, yeye hajui kuficha. Na wale mapacha uliowapokea kuwalea, wameshaanza kulala pamoja, au bado mmoja akifumba macho mwenzake ndiyo anafungua? Mimi nashangaa, mama, umri huo na bado unapokea watoto wawili kwa mpigo. Mwenyewe ulisema mimi ndiye wa mwisho. Tangu useme hivyo nimeshahesabu wadogo zangu kumi na mmoja.

Sisi kwa afya hatujambo. Mke wangu bado yuko kiwandani zamu ya asubuhi, anashona kola za mashati, kola tu, mwaka wa sita sasa. Anasema nikipita mbele yake anaona kola inatembea peke yake. Mimi niko kwenye kibanda changu kile kile cha viatu, kati ya saluni na mchonga funguo.

Mtoto wetu wa kulea ana miezi kumi. Tunamwita Chenza kwa sababu ya mashavu. Anatambaa, lakini kinyumenyume, kwa hiyo akikitaka kitu anazidi kukikimbia na analia kwa hasira kama vile ni sisi tunakisogeza. Alipoletwa alikuwa na wiki tatu, na mama wa ofisi ya ustawi wa jamii alituambia wazi kwamba tunamlea kwa muda tu. Mama yake alijifungua akiwa mgonjwa na hana pa kukaa. Akapewa muda usiozidi mwaka mmoja apate kazi na chumba, ndipo kikao kiamue kama atarudishiwa mwanawe. Tukakubali, tukatia sahihi. Kutia sahihi ni rahisi, mama. Mimi nilifikiri nitamlea kama ninavyotengeneza viatu vya watu: unavipokea, unavishughulikia vizuri, mwenyewe akija unamkabidhi. Kumbe mtoto akishalala kifuani kwako mara moja, ile hesabu ya "kwa muda" unaisahau. Miaka kumi na tisa ya ndoa nyumba yetu ilikuwa safi na kimya. Sasa kuna kijiko ndani ya kiatu changu, na mke wangu anaimba akipika. Nilikuwa sijui anajua kuimba.

Kwa kuwa mke wangu asubuhi hayupo, kliniki nampeleka mimi. Fikiria, kila mwezi, mwanaume mmoja kwenye benchi la akina mama. Wamenipa jina, wananiita Mama Ndevu. Nikichelewa wanauliza Mama Ndevu yuko wapi, leo kaachishwa kunyonyesha nini? Nimezoea, na nafasi wananiwekea.

Sasa sikiliza. Ofisi ilitupa daftari. Kila mwezi naandika mimi, kwa sababu mwandiko wangu unasomeka: uzito, ugonjwa, chanjo, na chini kabisa kuna mstari wa kuandika kama mzazi wake ameleta chochote. Utaratibu ni kwamba mama yake haruhusiwi kuja kwetu wala kujitambulisha kwetu mpaka kikao, ila anaruhusiwa kuacha zawadi kliniki. Na daftari hilo ndilo linalosomwa kwenye kikao. Zawadi zikija mfululizo, ni alama kwamba anamkumbuka mwanawe. Zisipokuja, nayo ni alama.

Chenza alipofikisha miezi minne, nesi aliniita pembeni akanipa kifurushi kidogo cha gazeti kimefungwa kwa uzi. Akasema hiki ni cha mtoto, kimetoka kwa mama yake, usisahau kuandika. Nikafungua kibandani. Soksi za kufumwa kwa mkono, za njano. Mama, mimi ni fundi, nikiona kazi naijua. Unyayo ulikuwa umefumwa mara mbili ili usiwe mwepesi, kisigino kimezungushwa bila mshono wa kuumiza, na kamba ya kufungia inaishia kwenye vifundo viwili vidogo kama punje za mahindi. Wiki hiyo hiyo nilikuwa nimemshonea Chenza viatu vya ngozi laini, kwa mabaki ya mkoba. Nilivishona siku tatu. Alivivua vyote viwili kwa mateke, dakika moja tu, kimoja kikaangukia kwenye ndoo ya maji.

Basi nilikaa na soksi zile mkononi nikaona wivu. Ndiyo, wivu, mtu mzima wa miaka arobaini na nane, kwa soksi. Nikajisemea ngoja kwanza, nitampa mwezi ujao. Nikaziweka kwenye boksi tupu la viatu, nikalisukuma juu ya rafu nyuma ya soli. Jioni nikafungua daftari, kwenye ule mstari wa chini nikaandika: Hakuna.

Mwezi uliofuata kikaja kifurushi kingine. Na uliofuata. Nesi akiniuliza kama naandika, namwambia naandika. Mke wangu akiniuliza kama mama wa mtoto ameleta chochote, namwambia bado, na yeye anasikitika, anasema labda anaumwa tena, maskini. Jozi saba, mama. Hakuna saba, na ya saba niliiandika asubuhi kabla hata ya kwenda kliniki.

Nilijua ninachofanya, sitakudanganya. Nilijua kuliko mtu yeyote, kwa sababu ya lile shati. Unalikumbuka? Nilikuwa na miaka sita, na aliyenizaa alinitumia shati la bluu alilolishona mwenyewe, mikono mirefu mpaka imepita vidole, maana alikuwa hajaniona siku nyingi na hakujua nimefikia wapi. Baba alisema tulikate. Wewe ukakataa. Ukasema kipimo ni cha mama yake, hakikatwi. Kila asubuhi uliikunja ile mikono, ukaipitisha uzi, na kila nilipokua uliachia mkunjo mmoja. Nililivaa shati lile miaka mitatu. Sikuwahi kuona aibu kuwa na mama wawili, kwa sababu wewe hukuwahi kunionyesha kwamba ni aibu. Nilipata kila kitu kwenu, mama, na hata hicho kimoja ambacho hakikuwa chenu mlinipa. Halafu mimi ndiye niliyeficha soksi.

Sasa Jumatano hii iliyopita ndiyo nimepigwa na butwaa ambalo mpaka leo halijanitoka. Tulikuwa kliniki. Nimekaa kwenye benchi, Chenza mapajani, kifurushi cha saba mfukoni, na yule mfagiaji wa pale anapiga deki. Huyu tunamfahamu wote, mwanamke mwembamba, mpole, hasemi sana. Akikufikia anasema "nyanyua miguu, baba," unanyanyua, anapitisha dekio, anaenda. Chenza anampenda, akimwona anamrukia kama kuku kaona mtama. Basi siku hiyo aliinama, na kutoka mfuko wa aproni yake likadondoka donge la uzi. Likaviringika kwenye sakafu yenye maji mpaka kwenye kiatu changu. La njano. Na mwisho wa uzi kulikuwa na soksi ndogo nusu, iko kwenye sindano. Unyayo umefumwa mara mbili. Kamba moja imeshamalizika, ina vile vifundo viwili.

Mama, nilishindwa kuinama. Yeye akaokota, akaufuta uzi kwenye aproni, akaniangalia mara moja tu usoni. Akasema kama siku zote: nyanyua miguu, baba. Nikanyanyua.

Nilimbeba Chenza mbio mpaka kibandani, nikafunga mlango, na mteja mmoja alikuwa nje ananiita fundi, fundi, sikuitika. Nikashusha boksi. Kuna kitu lazima ujue: kila mwezi nikitoka kliniki huwa namsimamisha Chenza juu ya kadibodi nachora unyayo wake kwa kalamu, kwa ajili ya vile viatu vya ngozi anavyovitupa. Nikachora ya mwezi huu, nikapanga kadibodi saba chini, juu ya kila moja nikaweka soksi za mwezi wake. Jozi ya kwanza kubwa, ingemfaa mtoto anayetembea. Ya pili ndogo, haingepita hata vidole. Hizo mbili mtu alikuwa anakisia. Lakini kuanzia ya tatu, mama, zililala juu ya mchoro kama nimezikata mimi. Kila jozi imezidi mchoro wake kidogo tu, nafasi ya mwezi mmoja wa kukua. Nikachukua ya saba, aliyoileta siku hiyo hiyo, nikamvalisha Chenza. Ikaingia, ikatulia. Na hakuivua. Alikaa anavifinya vile vifundo.

Mimi ni fundi viatu miaka ishirini na miwili. Mguu wa mtoto siwezi kuukisia bila kuupima. Nilikaa chini kwenye vipande vya ngozi.

Kesho yake nilimfuata nesi. Nikamwuliza. Akasema utaratibu ulikuwa nisijue, lakini kwa kuwa nimeshaona mwenyewe, basi. Yule ni mama yake. Alipata kazi ya kufagia pale miezi mitano iliyopita, na chumba akapata nyuma ya kliniki. Akakubali sharti la kutojitambulisha. Kila mwezi Chenza akivuliwa viatu kwenye mizani, yeye yuko pale na ndoo yake, anaupima mguu kwa macho. Hana siku nyingine ya kumwona. Siku ya uzito tu.

Nikadhani hapo ndipo mwisho wa mshtuko wangu. Nikamwuliza nesi kama mama huyu anajua soksi zinafika. Akasema, anajua hazifiki. Wewe mwenyewe ndiye uliyemwambia.

Hapo nikakumbuka, na hili ndilo linalonifanya nishindwe kula, mama. Miezi minne nyuma, mama mmoja kwenye benchi aliniuliza kwa sauti mama wa mtoto huyu yuko wapi. Na mimi, kwa kujitapa, ili wote wasikie nilivyo mwema, nilisema: "Mama yake? Huyo alishamsahau zamani. Hata soksi hajawahi kumletea." Wakanionea huruma, mmoja akanipigia makofi. Na mtu aliyekuwa anapiga deki miguuni kwangu aliinua kichwa, kisha akasema nyanyua miguu, baba. Nilinyanyua yangu na ya Chenza.

Alinisikia. Mwezi uliofuata akaleta jozi nyingine. Na nyingine, na nyingine. Nesi anasema alimwuliza kwa nini asilalamike ofisini, akajibu kwamba akigombana na sisi mtoto atahamishiwa nyumba ya mbali, na hatamwona tena hata kwenye mizani. Akasema pia, "Pale anapendwa. Mashavu si unayaona?"

Nilirudi nyumbani nikamngoja mke wangu avue viatu, nikamwambia yote nikiwa nimesimama. Hakupiga kelele, heri angepiga. Alizipanga zile soksi kitandani kuanzia ya kwanza hadi ya saba, akazigusa moja moja. Kisha akasema nimemwibia mama, nimemwibia mtoto, na yeye nimemfanya mwizi bila kujijua. Halafu akaniuliza kikao ni lini. Nikamwambia Alhamisi ijayo. Akasema, kwa hiyo unataka Alhamisi wasome Hakuna mara saba halafu wamnyime? Nikasema hapana. Akasema, basi usikae hapo unalia, andika. Lakini mwenyewe alikuwa analia, mama. Tunajua sote wawili tukisema ukweli Chenza anaondoka. Amemkalisha hapa pembeni yangu sasa hivi, anakisukuma kiti kinyumenyume.

Labda na daftari watatunyang'anya na hawatatupa tena mtoto mwingine. Itakuwa haki. Ila ningeomba, ukinijibu, usiniambie pole. Niambie kama bado mimi ni mwanao.

Msalimie sana baba, mwambie zile kandambili zake asizitupe, nitakuja kuzitia soli. Wabusu mapacha. Mke wangu anakuamkia, anasema hasira zake zote ni kwangu, wewe anakupenda vile vile.

Na hili naliandika ili unishike nalo. Jumatatu saa mbili asubuhi, ofisi ikifunguliwa, tutakuwa mlangoni sote watatu. Hakuna zangu saba sitazifuta, wazione. Chini ya kila moja nitaandika kilicholetwa, na sahihi yangu. Chenza atakuwa amevaa jozi ya saba. Na zile kadibodi saba za nyayo zake nitamwomba mama wa ustawi azikabidhi kwa mwenyewe, mama yake Chenza, siku hiyo hiyo ya Jumatatu, ili jozi ya nane asiipime tena kwa macho.

Mimi mwanao,
fundi viatu