Papa, Wametufungulia Masafa

Papa mpendwa,

Nakuandikia nikiwa hapa nyumbani, Bigo. Leo furaha imenizidi, na wewe ndiwe ungeielewa upesi kuliko wote.

Unakumbuka asubuhi zetu kwenye fonie ya parokia, ile redio ya kuzungumza na misheni za mbali? Nilikuwa nikikaa karibu na betri, wewe ukishika maikrofoni kama askofu na fimbo yake. Siku moja mtu wa Mahagi alikuwa anahesabia wenzake kuku wa sikukuu, huku muuguzi wa Bogoro akiomba gari. Sauti zikagongana. Ukapaza sauti: "Mahagi, kuku zingoje! Kuko mama anazaa!" Wote wakanyamaza. Gari likaenda, mtoto akazaliwa salama, na wazazi wakamwita Frekansi, yaani masafa ya redio. Ulicheka mpaka machozi.

Tangu ulipotuacha, kazi yangu imekuwa ndugu ya yako. Niko katika kikundi cha wahandisi wa nchi nyingi wanaoandika kanuni za wi-fi, ili kifaa cha huku na cha kule vielewane. Lakini kanuni zetu pekee hazifungui masafa, zile njia za mawimbi hewani. Kila serikali ndiyo inayoamua nani apite wapi hewani. Basi mamlaka ya redio ikiomba maoni, tunasoma, tunabishana, tunapiga kura, kisha tunawaandikia.

Safari hii ilikuwa zamu ya nchi yetu. Tuliomba masafa mapya, maana ya zamani yamejaa: kwenye materniti moja ya mtaa wa Rwambuzi, mahali akina mama wanapojifungulia, picha za ekografi, zile za mtoto tumboni, zilikuwa zikikwama kabla ya kumfikia daktari aliye Kisangani. Madame mmoja wa mamlaka akatuuliza kikaoni: "Masafa hayo iko na wenyewe. Minara inapitisha simu za watu humo. Mukiisumbua, nani atazima?"

Tukamwalika tupime pamoja. Alikuja na mitambo yake, viatu vikajaa matope ya Bunia. Tulipowasha kifaa ndani ya nyumba, mnara haukusikia kitu. Tulipokipandisha juu ya bati, mstari kwenye kompyuta yake ukaruka: tulikuwa tunausumbua mnara.

"Unaona, mama?" akaniambia, bila kunicheka.

Iliniuma, Papa. Nilitaka turuhusiwe hata nje, ili kambi ya waliokimbia vita vya Djugu nayo ipate. Lakini niliona kwa macho yangu. Tukarudi kwenye kikundi, tukabishana tena, tukaandika upya: ndani ya nyumba tu, kwa nguvu ndogo. Ya nje tunaendelea kuitafutia njia, na Madame amekubali tupime naye tena.

Wakaturuhusu.

Leo nilikuwa kwenye ile materniti, kifaa kipya kikiwa kimewashwa. Mkunga alituma picha, na kabla sijapata pa kukaa, daktari akapiga simu: "Ni mapacha! Wote wako bien, wazima kabisa!" Mama akapiga vigelegele palepale kitandani. Bwana yake akajikuta amekaa sakafuni, anauliza, "Dokta, ni kweli? Ni wawili?" Tulicheka wote, hata yeye.

Pumzika vizuri, Papa. Mama amepika samaki wa ziwa na ananiita kwa mara nyingine. Unamjua, hapendi chakula kipoe.

Ni mimi, binti yako mkubwa