Waliposoma Salamu Juu ya Gitaa

Jumapili, mwezi wa pili. Joto la kubandika shati mgongoni, feni inazunguka kwa uvivu kama mtu aliyelazimishwa, na mimi nimenuna. Mke wangu ameniwekea chai mezani kisha akarudi nyuma taratibu, kama anayemlisha mbwa asiyemjua.

Nimekasirika. Naandika hapa kwa sababu nyumbani hakuna anayetaka kunisikiliza.

Najua mtacheka. Mtu mzima, mwenye kitambi na duka la vipuri vya baiskeli, anakasirishwa na gitaa! Tena si gitaa lake. Ni gitaa alilolipiga mzungu mmoja huko kwao, zamani, katika wimbo wa roki ambao maneno yake mpaka leo nayaimba kwa kubahatisha. Chekeni, mkimaliza mnisikilize.

Solo ninazozipenda si nyingi. Ipo moja ya vijana wenye nywele ndefu, inakwenda mbio mpaka unamwonea huruma mpigaji, unatamani umpe maji. Ipo nyingine yenye noti chache sana, anazirudiarudia kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba anayojua wenyewe wamo. Lakini iliyo juu ya zote ni ile inayokuja mwishoni mwa wimbo wa polepole. Mwimbaji ananyamaza, ngoma zinampisha, na gitaa linaanza kulia. Halilii kwa kelele. Linalia kama mtu aliyejizuia siku nzima mbele za watu, sasa amefika chumbani kwake na kufunga mlango.

Mke wangu husema ni mbu aliyefungiwa ndani ya chandarua. Tumeoana miaka mingi, nimeshamsamehe.

Solo hiyo niliisikia kwa mara ya kwanza na Kazungu. Tulikuwa vijana, tukifanya kazi katika hoteli moja hapa Malindi, mimi nikitandika vitanda, yeye akimwagilia bustani. Wageni wa Kitaliano wakiondoka huacha vitu kwenye droo: mafuta ya jua, kandambili, kaseti. Wenzetu walikimbilia mafuta. Sisi tulichukua kaseti. Kazungu alikuwa na gitaa la nyuzi nne, ya tano akaitengeneza kwa waya wa breki ya baiskeli, na kwa gitaa hilo la ajabu akaitafuta ile solo noti kwa noti mpaka akaipata. Mimi nilipiga gitaa la nyuma. Nilikuwa nyuma sana, mpaka watu wakaniuliza kama langu lina nyuzi.

Siku hizi Kazungu yuko kwao Marafa, analima mananasi. Mwaka jana alifiwa na mkewe, Mama Sidi. Tangu hapo amekuwa mtu wa neno moja. Ukimpigia simu: habari? Njema. Watoto? Wazima. Mvua? Hm. Mtu aliyekuwa hawezi kununua kiberiti bila kumtania mwenye duka! Nimemtembelea, tukakaa, nikazungumza peke yangu kama redio, nikarudi.

Majuzi nilipompigia, baada ya hm zake, aliniuliza jambo. Aliniuliza yeye, kwa hiari yake.

"Ile gitaa ya mwisho, Bakari. Ile ya kulia. Bado unayo?"

Nikajaribu kumpigia wimbo pale pale, nimeishikiza simu ya binti yangu Rehema kwenye kinywa cha simu yangu. Lakini Kazungu ana kabambe, ile simu ya vitufe, na mtandao wa huko kwao ni wa rehema za Mungu. Alichosikia, akasema, ni kuku.

Ndipo nikakumbuka redio yetu ya hapa mjini. Kila Jumapili alasiri wana saa moja ya nyimbo za zamani kwa maombi ya wasikilizaji, na Kazungu redio anayo, nzuri, inaning'inia mlangoni pa ghala. Nikamwambia: Jumapili washa redio, usiniulize kitu.

Sasa, ninyi watu wa pwani mnaijua desturi. Huombi wimbo redioni mikono mitupu. Wimbo unakwenda na salamu. Nikaandika ujumbe: wimbo fulani, umwendee Kazungu wa Marafa. Basi. Mke wangu akachungulia begani.

"Kazungu peke yake? Na wakwe zake hawana masikio?"

Kweli. Nikawaongeza wakwe. Ukiwataja wakwe, huwezi kumwacha kaka yake mkubwa. Nikamweka.

"Na Bi Zuhura wa Mambrui?"

"Bi Zuhura anamjua Kazungu?"

"Baba Rehema, Bi Zuhura anasikiliza kipindi hicho kila wiki. Asikie umesalimu Marafa nzima ukamruka yeye shangazi yangu, kwenye harusi ya mwezi ujao utakula ukoko."

Nikamweka Bi Zuhura. Nikawaweka na majirani zake, kwa usalama. Ujumbe ulipomaliza kuandikwa ulikuwa kama orodha ya wapiga kura.

Leo nikafunga duka mapema, nikakaa na redio. Mtangazaji, kijana mwenye sauti ya asali, akautangaza wimbo vizuri. Ukaanza. Ubeti wa kwanza, kiitikio, ubeti wa pili. Moyo unanidunda kama ninakwenda kupiga mimi. Nikawa namwona Kazungu ameinamisha kichwa kwenye redio yake. Mwimbaji akanyamaza. Ngoma zikapisha. Gitaa likavuta pumzi, likatoa noti ya kwanza...

"Aaah, mashallah! Na hapo gitaa linapotubembeleza, mpenzi msikilizaji, nami nikusomee salamu hizi zake Baba Rehema wa hapa Malindi, ambaye anamsalimu Kazungu wa Marafa, anawasalimu wakwe zake wote..."

Akasoma. Wallahi akasoma zote! Marafa akaimaliza, akavuka, akaingia Mambrui. Akamsoma Bi Zuhura kwa madaha, na majirani zake, mlango hadi mlango. Nyuma yake, chini kabisa, nilisikia gitaa linapanda kule juu linakopanda, kama mtu anayeita kutoka kisimani. Kijana alipomfikia jirani wa mwisho, gitaa limekwisha.

Akasema: "Na sasa turudi kwenye wimbo."

Turudi kwenye wimbo.

Tulikuwa tumekwenda wapi?

Hili ndilo linaloniunguza. Nani aliwafundisha kwamba pasipo na maneno ni kiwanja kitupu, kila mtu ajijengee kibanda? Kwenye taarabu, udi ukianza kubembeleza, hata mama mwenye maneno kuliko wote Malindi anafumba mdomo na kutikisa kichwa. Thubutu kuropoka wakati saksafoni ya muziki wa bango inalia harusini, utatolewa na viatu vyako vikifuata nyuma. Lakini gitaa la roki, kwa kuwa limetoka mbali na halina jamaa hapa wa kulitetea, ndilo lifanywe mahali pa matangazo!

Nikapiga simu redioni. Nilikuwa nimepanga matusi, ya adabu lakini matusi. Yule kijana akapokea mwenyewe.

"Shikamoo mzee wangu!"

Sasa, ukishaitika marahaba, utaanzia wapi kutukana? Nikamweleza kwa upole kwamba alizungumza juu ya wimbo. Akashangaa kwa dhati.

"Hapana, mzee. Mimi husubiri mpaka maneno yaishe. Hatukuruka neno hata moja."

Nikakata simu. Mke wangu alikuwa anacheka jikoni, kimyakimya, nilimjua kwa kugonga kwa sufuria. Bi Zuhura alikuwa ameshapiga simu kushukuru. Alisema wimbo ulikuwa mzuri.

Hasira ilipopungua kidogo, hofu ikachukua nafasi yake. Mtu amekaa kimya miezi yote hiyo, ameomba kitu kimoja tu duniani, na mimi nimemfukia kitu hicho kwa majina ya watu asiowajua. Ningempigia nimwambie nini? Angesema hm. Na hm ya leo ningestahili.

Akapiga yeye.

"Bakari! Nani Bi Zuhura?"

Sikuwahi kusikia sauti hiyo tangu msibani. Ilikuwa kubwa, mpaka mke wangu akatoka jikoni.

"Ni shangazi ya..."

"Mimi namdai nini Bi Zuhura? Namlimia? Bakari, nimewakusanya watoto hapa, nimemwita na mama mkwe, nimewaambia nyamazeni nyote, sasa inakuja, sikilizeni baba yenu alivyokuwa akipiga. Wananyamaza, hata mbuzi amenyamaza, ndipo nasikia salamu za watu wa Mambrui! Sidi amecheka mpaka amelala chini. Wewe ni mtu wewe? Kupiga gitaa hukujua, kuagiza gitaa nako hujui!"

Nikamwacha anitukane. Nilikuwa nimesimama katikati ya ukumbi, simu sikioni, natabasamu kama mjinga.

Kisha akaanza kuipiga kwa mdomo. Ile solo yote, kuanzia pale kijana alipoanza kusoma. Ni-na-niii, ni-na-niii, kwa sauti iliyokauka, akikosea na kurudi, na nyuma yake nawasikia watoto wanacheka. Alipofika noti ya mwisho akaishusha.

"Hapo haishuki," nikamwambia.

"Inashuka."

"Haishuki, Kazungu. Inabaki pale pale mpaka inazimika."

"Mtu aliyepiga gitaa la nyuma atanifundisha mimi solo?"

Tukabishana mpaka salio lake likaisha, naye akakatika katikati ya neno lisiloandikika hapa.

Bado nimekasirika, isidhaniwe nimelainika. Kesho nitapita redioni mwenyewe, niitikie shikamoo zao zote, kisha niseme nililokusudia. Na Jumamosi napanda Marafa na spika ya Rehema. Wakwe, kaka mkubwa na majirani wa huko nitawasalimu kwa mkono, mmoja mmoja, wote waishe. Halafu kila mtu anyamaze.

Nimeisikiliza tena ile noti ya mwisho sasa hivi, nimekaza masikio.

Inashuka. Kidogo tu, mwishoni kabisa. Lakini hayo si mambo ya kumwambia mtu kwa simu.