Nilivyofuta Lebo za Maombi

Alhamisi, 2008

Mimi na haraka yangu. Maombi ya kina mama wa kanisa hunijia kwa imeli, nami nilikuwa nimeyawekea lebo mbili, "Bado" na "Yamejibiwa". Leo kwa saiba mjini, kwenye kompyuta za kulipia, nikaona "Bado" imefurika, utadhani Mungu amelala. Kwa aibu nikafuta zote mbili nianze upya.

Halafu jasho likanitoka. Kesho tunaomba, na nimetupa shida za watu.

Dada wa saiba akacheka. "Mathe, umetoa majina tu. Barua ziko."

Ziko kweli, lakini zimechanganyika zote. Basi nimezichapisha, na jioni nimeziombea moja baada ya nyingine. Nimemlilia Bwana ampe Mercy wa kwaya mume, hadi nikakumbuka kwamba kwa harusi yake pilau niliipika mimi.